Kafara ya Shomari

Mama,

Mwanao yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kabla hata ya kuitikia salamu. Yu hai, anakula, na hivi ninavyoandika yuko uani anamchotea Baba maji ya kutawadha. Sasa naweza kukusalimu vizuri. Shikamoo, Mama. Marahaba yako nitaisikia mwenyewe moyoni.

Ni mimi Mwanahamisi. Bado niko hapa Kaole kwa Baba, maana mume wangu hajarudi kutoka bara na msafara. Hukujua kusoma, nami nilikuwa nakusomea barua za watu, ukinikatiza kila mstari: "Rudia hapo, mwanangu, sikusikia vizuri." Safari hii hunikatizi. Ningependa unikatize.

Umeondoka na nusu ya habari, Mama. Nusu nyingine imetokea baada yako. Nataka uijue yote, hata ile sehemu yako.

Watu wa hapa wanapenda kusema Shomari alipandwa na shetani wa bangi, kana kwamba shetani alikuwa akipita njia akamwona yeye peke yake. Si kweli. Shomari alishuka ngazi moja baada ya nyingine, na kwenye kila ngazi alikuwapo mtu mzima akimshika mkono.

Unakumbuka alipotoka jandoni? Mjomba Haji alikuja kutoka Winde amevaa kizibao kipya, akamkalisha Shomari katikati ya watu, akamtia mkononi kata iliyojaa tembo la mnazi. "Mwanamume haogopi kata," akasema. Shomari alikunywa akapaliwa, tembo likamtoka puani, na sote tukacheka. Mimi nilipiga vigelegele. Wewe ulipiga vigelegele. Baba hakupenda, nilimwona, lakini alitazama pembeni kwa heshima ya shemeji yake.

Kisha Baba akampeleka tanurini Mbegani. Kazi ya kuchoma chokaa unaijua: magogo ya mikoko yapangwe mviringo, juu yake mawe ya matumbawe, na mawe hayo yatoke baharini maji yakipwa, kwenye mabega ya watu. Wiki ya kwanza mabega ya Shomari yalichubuka hadi nyama nyekundu. Feruzi, mkata kuni wa Baba, ndiye aliyempa kiko cha bangi. "Vuta, jiwe litakuwa pamba." Na jiwe likawa pamba kweli. Baba aliona ule moshi. Alijiambia kwamba kijana anayebeba bila kulalamika ni afadhali kuliko anayelalamika, akaendelea kupanga magogo.

Masika yakaja, tanuri likazimwa, Shomari hana kazi. Akaanza kwenda Bagamoyo kwenye kambi ya wapagazi. Nimemuuliza baadaye, ilikuwaje kule? Akaniambia: "Kule nikifika watu walikuwa wanasogea nikae. Nyumbani nilikuwa naulizwa tu nimetoka wapi." Vijana waliotembea miezi na pembe za ndovu begani, wanaotaka kusahau njia na wenzao waliofia njiani, walimgawia walichokuwa nacho. Walichokuwa nacho ni tembo na bangi.

Halafu zikaja ngazi zako, Mama. Vumilia nikizisema. Macho yalipokuwa mekundu, ulisema ni chumvi ya bahari. Kanzu yake iliporudi na matapishi, uliifua kabla Baba hajatoka chumbani. Kisutu chako kipya kilipopotea, ukasema mbuzi wa jirani amekila. Mbuzi gani, Mama, anakula kisutu na pindo zake asibakishe uzi? Nilikuomba tumwambie Baba. Ukaniambia, "Baba yako atamuua. Niache niseme naye taratibu." Ukasema naye taratibu. Akakulilia mapajani, akaapa, akala mchuzi wako wa papa, akarudi kambini. Mara ngapi? Wewe ulikuwa unajua zaidi yangu.

Sasa siku yenyewe.

Masika yalikuwa yamekwisha, tanuri limewashwa tena. Watu wa tanurini walikwenda kula wakamwacha Shomari aangalie moto. Alikuwa amevuta, akalala. Moto ukala upande mmoja, rundo likainama, na Feruzi aliporudi kulisukuma kwa mti, mawe mekundu yakamporomokea mguuni. Baba anasema alisikia nyama ikichemka kabla hajasikia kelele. Walimbeba Feruzi akiwa anawauma mikono. Kisha Baba akamtafuta mwanawe, akamkuta bado amelala, anatabasamu usingizini.

Alimleta nyumbani akimvuta kwa shingo. Akamfunga kwenye nguzo ya uani, akatoa kiboko. Nimewahi kuona watu wakipigwa, Mama, lakini si vile. Baba alimpiga kama mtu anayepiga moto uliokwisha kushika paa. Ngozi ya mgongo ilifunguka. Damu ikaruka ikanipata mimi niliyesimama mlangoni pa jiko. Wewe ulikuwa unasema, "Bwana, inatosha, Bwana, kwa ajili ya Mungu," na Baba hasikii, na Shomari amenyamaza kimya, anauma kamba. Ule ukimya ndio ulionitisha.

Baba alichoka. Alikwenda nje kunawa damu mikononi, maana alasiri ilikuwa imeadhiniwa. Hapo ndipo ulipochukua kisu cha samaki ukakata kamba. "Kimbia, mwanangu."

Hakukimbia. Bangi ilikuwa bado kichwani, na juu ya bangi kulikuwa na kile kiboko. Aliokota mchi wa kinu, akasimama nyuma ya mlango wa uani. Baba akaingia mikono ikidondosha maji. Mchi ukapanda. Nawe ukapita kati.

Hukupiga ukelele. Mimi nilisikia mchi tu.

Siku zako za mwisho unazijua kidogo, labda. Jicho moja halikufumbika tena. Baba alikaa kichwani pako, hataki kula, anakupepea nzi. Ulipopata sauti ulisema, "Nimeanguka kisimani. Semeni nimeanguka." Ukashika kidole changu mpaka nikaahidi. Ndiyo ngazi yako ya mwisho, Mama. Hata kufa ulikufa unamfunika.

Tulisema umeanguka. Shomari alikuwa ametoweka tangu ule mchi ulipomponyoka mkononi. Tulikuzika bila mwanao wa kiume.

Mjomba Haji alifika matangani, akaketi na wanaume, akasikia habari ya kisima. Kisha akamwita kando mmoja wa wanawake waliokuosha, akamuuliza, "Mtu anaanguka kisimani anapasuka juu ya sikio tu?" Yule mama akalia. Kulia kwake kukawa jibu.

Kesho yake asubuhi Mjomba alitembea hadi Bagamoyo. Alimkuta Shomari amejilaza nyuma ya kibanda cha tembo pale kambini, nguo zake zimekwenda kwa tembo, amevaa gunia. Akamfunga mikono kwa kamba, akamrudisha Kaole kwa njia ya pwani kama mbuzi anayepelekwa kuchinjwa. Alipoanguka alimburura. Walipofika, sikio moja la Shomari lilikuwa limechanika na magoti yametoka ngozi. Watu walikuwa wamejaa, maana matanga yalikuwa hayajaondolewa. Mjomba akamtupa katikati ya uani, akachomoa jambia.

"Shemeji!" akamwita Baba. "Huyu ndiye aliyemuua dada yangu. Mchinje wewe, au nimchinje mimi."

Na Shomari, Mama, uso mchangani, tembo bado halijamtoka, akafungua mdomo akaita. Alikuita wewe.

"Mama. Mama, nipe maji."

Hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akisema "Ya Allah" kwa pumzi tu. Mjomba akampiga teke la mdomo. "Mama gani? Tumemzika. Umemuua kwa mchi." Shomari alimtazama, akanitazama mimi. Sikugeuza uso. Nilitikisa kichwa kwamba ni kweli, naye akaanza kujipiga kichwa ardhini, paji la uso kwenye jiwe la kusagia, tena na tena, na hakuna aliyemzuia.

Baba akatoka chumbani. Nilidhani atapokea jambia. Naapa, mkono wake ulivyokuwa umekunjwa, nilidhani anakwenda kulipokea. Alipita mbele ya Mjomba, akapiga magoti, akalala juu ya Shomari mwili mzima, kama unavyomlalia mtoto paa likianguka.

"Aliyemfunga nguzoni ni mimi," akasema. "Kiboko ni changu. Basi pita hapa kwanza."

"Nitapita," Mjomba akajibu, na akapita. Jambia lilimkata Baba begani hadi nikaona mfupa. Baba hakuondoka. Shomari chini yake alikuwa anapiga kelele, "Mwache Baba! Niue mimi!"

Sijui niliupata wapi ule mdomo. Unajua mimi kwa Mjomba nilikuwa nasalimu na kuondoka. Lakini jambia lilipopanda mara ya pili nilijikuta mbele yake.

"Mjomba Haji! Kata ya kwanza Shomari alipewa na nani?"

Alinipiga kwa mpini. Jino langu la mbele lilivunjika, na sasa nikicheka naziba mdomo kwa upande wa kanga. Nikarudia, damu ikitoka pamoja na maneno.

"Alipewa na nani? Ulimpa wewe, nasi tukashangilia. Feruzi akampa bangi, Baba akaona akanyamaza. Alipoharibika Mama akamficha, mimi nikajua nikafunga mdomo, Baba akampiga kama si mtu. Ukitaka kuwachinja waliomuua Mama, Mjomba, tupange wote hapa, na wewe ujipange."

Mjomba alininyanyulia tena mpini, haukushuka. Aliangalia bega la Baba, akaangalia lile jambia. Akakaa chini mchangani akipumua kama punda aliyetua mzigo.

Aliyetusaidia wa kwanza ni Mama Sakina, mke wa Mhindi muuza nguo. Aliingia bila hodi, na pande la bafta nyeupe begani, akalichana vipande, akamfunga Baba, akamfunga Shomari sikio, akanipa maji ya chumvi nisukutue. Alikuwa analia na kutugombeza kwa Kihindi, hatuelewi, lakini tulitii.

Sheikh aliletwa. Baba alimwambia kila kitu, hakubakisha. Sheikh akasema Shomari hakukukusudia wewe, lakini damu ni damu. Haki ya diya, yaani fidia ya damu, ilikuwa kwa Baba, kwangu na kwa Mjomba. Juu ya hiyo ilikuwapo kafara, ambayo ni baina ya Shomari na Mola wake: kumwacha huru mtumwa, na Baba hana mtumwa, au kufunga miezi miwili mfululizo. Akikata siku moja bila udhuru, anarudi mwanzo.

Baba alisamehe diya. Mimi nikasamehe. Mjomba alikuwa akichimba mchanga kwa kidole. "Diya nasamehe," akasema. "Yeye simsamehe."

"Hilo sikukuuliza," Sheikh akamjibu. Kisha akamgeukia Baba. "Mtoto hawezi kuubeba mzigo huu peke yake. Utafunga naye?"

Baba akasema, "Nitafunga naye."

Ningefunga na mimi, lakini miezi miwili bila kukatiza kwa mwanamke, mwenyewe unajua.

Mama, nilidhani mabaya yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Siku za mwanzo Shomari alitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Alitoka jasho linalonuka. Alitapika maji, akatapika mate. Akamwomba Baba tembo kidogo tu, kata moja, nusu kata, akimwita bwana mkubwa, akimbusu miguu. Aliponyimwa alimtukana matusi ambayo sitayaandika. Adhuhuri moja alimrukia, akampiga kwa kichwa kwenye lile bega, kidonda alichokifunga Mama Sakina kikafumuka, damu ikajaa sakafuni, na bado alikuwa anamng'ata mkono. Baba alinyanyua mkono wa pili. Niliuona ukipanda. Nikasema moyoni, sasa tumerudi kule kule. Mkono ukakaa hewani. Kisha Baba akaushusha, akaukalia. Kweli, Mama, aliukalia kwa tako lake kama mtu anayekalia kifuniko cha sanduku, akamwambia Shomari, "Uma basi. Ukichoka utaniambia."

Alichoka. Akalala na kichwa miguuni pa Baba.

Tangu hapo Baba anafanya jambo ambalo hukupata kuliona. Anamuuliza. Unajua Baba alivyo, maneno yake yalikuwa "lete" na "weka". Sasa jua likizama anampa Shomari tende ya kwanza, anamuuliza, "Leo ilikuuma wapi?" Siku nyingine Shomari hasemi. Siku nyingine anasema kwamba anakuona mlangoni. Siku moja alisema, "Nilitaka kukuambia mapema, Baba, lakini ulikuwa hukai." Baba aliacha kula. Kisha akasema, "Nimekaa sasa. Niambie." Wakazungumza hadi uji wao ukapoa.

Alimpeleka pia kwa Feruzi. Mguu ulikuwa umeoza pembeni, kazi ya kuuosha kila siku akapewa Shomari. Siku ya kwanza Feruzi alimtemea mate usoni. Shomari akajifuta, akaendelea kuosha. Wakakaa hivyo, mmoja anauma meno, mwingine anabandua usaha kwa pamba, mpaka siku moja Feruzi akasema mwenyewe, "Kiko nilikupa mimi." Shomari akamwambia, "Geuza mguu." Basi. Lakini kesho yake Feruzi alimwekea kigoda.

Halafu Shomari akateleza.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa pili, nami nilikuwa nimeanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Walipeleka chokaa Bagamoyo, Baba akaingia kusali, Shomari akakutana na wale wa kambini. Waliporudi alikuwa nyuma ya Baba hatua nyingi. Harufu ilitangulia kufika. Alisimama uani, akavua kanzu, akageuza mgongo, akashika nguzo kwa mikono miwili. Ile ile. Makovu yake yote yakamtazama Baba.

Mimi nilikuwa natwanga. Nikauficha mchi nyuma yangu, sijui kwa nini.

Baba aliangalia ule mgongo mpaka nikadhani amesahau kwamba ni mgongo wa mtu. Akaokota kanzu mchangani, akaikung'uta. "Vaa," akasema. "Kesho tunaanza upya."

"Wewe hukukata, Baba. Siku zako ziko sawa."

"Kesho tunaanza upya," Baba akarudia, akaingia ndani kutafuta maji ya kunawa.

Hapo ndipo Shomari alipokulilia, Mama. Tangu aambiwe umekufa alikuwa amejipiga, amepiga wengine, amepiga kelele, lakini kulia hakuwa amelia. Alilia amekumbatia ile nguzo, nikamwacha.

Mjomba Haji alipopata habari huko Winde hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kambini na gogo la mkoko, akavunja mitungi yote ya kile kibanda, tembo likatiririka njiani hadi kuku wakalewa. Wenye kibanda wakampasua kichwa. Aliletwa hapa juu ya punda, uso hauonekani kwa damu. Na wiki haikwisha mitungi mingine ikawa imepangwa pale pale. Nani alikuwa amlishe uji yule mzee? Shomari. Siku mbili Mjomba alikataa kufungua mdomo kwa kijiko chake. Siku ya tatu njaa ikamshinda. Baadaye kidogo nikamsikia akisema, macho yakiwa darini, "Jandoni mwaka huu sileti kata." Shomari akamjibu, "Fungua mdomo, Mjomba, uji unapoa." Sijamsikia akisema amemsamehe. Ila alipoondoka alimwachia kile kizibao chake.

Tanurini nako Baba amebadilisha. Kiko hakiruhusiwi. Wakata kuni wengine walimcheka wakaenda kwa wachoma chokaa wengine, na Baba ana kazi nyingi kuliko watu. Vijana waliobaki wanabeba mawe madogo, wanapumzika jua likiwa kali. Wanaume barazani wanamuuliza ilikuwaje kwake, wengine kwa huruma, wengine wapate cha kusimulia. Anawajibu wote sawa: "Nilianza na kiboko. Nilitakiwa nianze na kukaa." Akiulizwa zaidi anawaambia waangalie macho ya watoto wao wenyewe, waulize wanakwenda kwa nani na kwa nini huko kunawapendeza, na waulize mapema, kabla wao wazazi hawajakasirika. Kwa Baba hiyo ni hotuba ndefu.

Kafara imekwisha juzi, Mama. Safari ya pili hawakukata. Jua lilipozama Baba alimpa tende, Shomari akaishika asiile. Akasema hajui kesho atafanya nini na mdomo wake. Baba akacheka. Nilikuwa nimesahau Baba anachekaje.

Kaburini pako hajafika hata mara moja. Kila nilipokwenda mimi alinisindikiza hadi njia panda akarudi. Jana ameniomba niende naye, niseme kwa niaba yake, maana yeye hajui aanzie wapi. Nimemkatalia. Nimemwambia nitakwenda naye, lakini nitasimama mbali, na maneno atayatafuta mwenyewe.

Na wewe nakuahidi hivi. Nilikupenda, na kila siku natamani ungekuwa hapa, lakini njia yako ya kumpenda sitaifuata. Siku akiteleza tena, na huenda akateleza, nitamwambia Baba siku hiyo hiyo, na chakula cha Shomari nitakiweka pale pale. Sitamfunika, wala sitamfungia mlango. Na akisimama mtu kumpiga, hata akiwa Baba, nitasimama kama ulivyosimama wewe.

Pumzika, Mama. Mola akuondolee maumivu ya kichwa kile. Kesho baada ya swala ya Ijumaa tutakuja. Amekuwa mrefu sana, sauti imekuwa nzito, na ndevu zimeanza kidevuni. Usimdhanie mgeni.

Bintiyo,
Mwanahamisi